Kinachopikwa kamukunji

Kunapokuwa na jambo zito, wabunge wetu huitana kwanza kamukunji: faragha, bila kamera wala Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, kila mtu atoe la moyoni. Jina ni la ule uwanja wa Nairobi wa mikutano ya siasa, yaani mahali pa hadhara kabisa. Sijui nani alilifungia ndani. Mabunge ya kaunti nayo yameiga.

Sisi wa Mombasa tusijitie kushangaa. Posa hapa haijibiwi mbele ya watu. Wazee hukaa, hunong'onezana, wakawekana sawa. Siku ya hadhara ni kutangaza tu. Faragha ina faida yake. Mwakilishi wa wadi aliyekwisha kunguruma kwenye maikrofoni harudi nyuma, wafuasi wake wanamtazama. Faraghani hulegeza bila kuaibika. Wadi zetu 30 zikigombana hadharani kwa kila kitu, hakuna litakalopita.

Shida huanzia kwenye bajeti. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, makadirio hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni. Katikati hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Tuseme mama wa Mtongwe amevuka feri, amengoja zamu yake, ameomba bomba la maji. Kisha kamukunji inagawa upya, na kikaoni kinachosikika ni "ndiyo" tu. Bomba limekwenda wapi? Hansadi haina habari.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, na kamati zake zikae hadharani. Utajibiwa kwamba kamukunji si kikao wala kamati. Wakili anaweza kushinda kesi kwa hoja hiyo. Mtungi wa yule mama utabaki mkavu. Na humo ndani hawako sawa: wawakilishi walioteuliwa, wengi wao wanawake, hawana wadi ya kupigania mgao. Hapo ndipo mfano wa posa unaponivunjikia. Mahari hutoka mfukoni mwa wanaonong'ona, bajeti ni ya walio nje.

Kamukunji ibaki, kwangu si dhambi. Ila mwenyekiti wa kamati ya bajeti asimame kikaoni, ataje kilichobadilika tangu wananchi waliposikizwa, na sababu, kinukuliwe. Watahamia hotelini, wataniambia wajuao. Huenda. Lakini hata wakitoka huko, bado itabidi mmoja wao aeleze kwa sauti vipi bomba la Mtongwe limegeuka lami ya kwingine.