Aida ya Verdi tuiache au tuendelee kuisikiliza?

Kila Aida, opera ya mtunzi Mtaliano Verdi, inapopangwa kwenye jukwaa kubwa huko Ulaya na Marekani mzozo unaanza, hawa wanasema ni kazi ya kikoloni iachwe, wale wanasema jamani ni muziki tu tuacheni tusikilize. Mimi naipenda sana hii opera, yaani igizo linaloimbwa, na ndio maana nashindwa kujibu kwa neno moja.

Tuanze na hela, maana hapo wanaoipinga wana hoja nzito. Ismail Pasha, mtawala wa Misri, alimlipa Verdi faranga 150,000 aitunge, hadithi ikatoka kwa Mariette, Mfaransa aliyekuwa anafukua makaburi ya mafarao, mavazi yakatengenezwa Paris yakakwama hukohuko kwa sababu Waprusia, yaani Wajerumani, walikuwa wameuzingira mji, mpaka onesho la kwanza likafanyika Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Verdi mwenyewe hata hakwenda, kwake onesho lenye uzito lilikuwa la Milan, Italia, Februari 1872. Yaani opera ya Misri, inaimbwa Kitaliano, kabuni Mfaransa, na mlipaji ni Misri. Edward Said, yule msomi Mpalestina, alishasema kwamba Misri ya ndani ya Aida ni ile iliyoonekana kwa macho ya Ulaya, na hapo sina la kumpinga.

Halafu kuna hili linalotugusa sisi wa huku. Opera yenyewe inahusu Misri kuipiga Ethiopia. Sasa mwaka 1875 Ismail akapeleka jeshi Ethiopia kweli, likachapwa Gundet, likarudi tena 1876 likachapwa Gura, na mwaka huohuo wa 1875 meli zake zilitia nanga Barawa na Kismayu, pwani iliyokuwa chini ya Sultan Barghash wa Zanzibar, hadi Waingereza walipombana akaziondoa. Kwa hiyo mtu akiniambia zile tarumbeta ndefu za maandamano ya ushindi ndani ya opera ni mapambo tu simwelewi, aliyezilipia alikuwa na tamaa hizohizo.

Ila sasa kaa usikilize huo muziki uko upande wa nani. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, katekwa, anamtumikia binti wa Farao. Umati unampigia kelele Radamès, jemadari wa Misri ambaye Aida anampenda kwa siri, rudi na ushindi, na Aida anajikuta anaitikia nao. Wanaondoka, anabaki peke yake, analirudia lile neno, na hapo ndio linamchoma, maana ushindi huo ni juu ya baba yake na kaka zake. Mimi pale huwa nasimamisha kila ninachofanya. Baadaye baba yake analetwa mateka, anamwambia Farao leo tumepigwa sisi, kesho mnaweza kupigwa nyie. Anayeandika hivyo hawashangilii washindi, na tukumbuke Milan yenyewe ilikuwa chini ya Austria mpaka 1859, Waitaliano wa rika la Verdi walijua kutawaliwa na mgeni kukoje. Wabaya wa hadithi ni makuhani wa Misri, wanaomhukumu Radamès azikwe hai bila huruma.

Kwa hiyo mi naona hoja ya Said inashika kwenye mapambo na pesa, lakini haifiki kwenye moyo wa kazi. Iendelee kuimbwa. Kitu ambacho sikitetei hata kidogo ni waimbaji wa kizungu kupakwa weusi usoni, kuna majumba bado yanafanya na kusema ndio mila ya opera. Mila gani, wakati sauti ndiyo inayoimba na si rangi ya kopo? Metropolitan, jumba la opera la New York, iliacha kumpaka Otello, yule jemadari mweusi wa opera nyingine ya Verdi, mwaka 2015 na hakuna noti iliyopotea.

Na jukwaani hapohapo Metropolitan, Januari 1985, Leontyne Price, Mmarekani mweusi wa kutoka Mississippi, aliagana na opera kwa kuimba Aida. Alipofika kwenye ule wimbo wa kando ya Nile usiku, Aida analia kwamba nchi yake hataiona tena, alipomaliza watu wakapiga makofi dakika kadhaa bila kukoma, naye kasimama palepale hatikisiki, machozi yakimlenga.