Sumu ya panya mimi nimewacha

Kila Jumamosi hapa Kahawa West kunapita jamaa na spika begani, panya mende kunguni viroboto, panya mende kunguni viroboto, na mwaka mzima mimi ndiye nilikuwa kastama wake mkubwa. Niulize hizo sumu zake zilinisaidia nini. Panya anakula leo lakini hafi leo, maana sumu nyingi za siku hizi huzuia damu kuganda na hiyo inachukua siku kadhaa, sasa hapo katikati anatembea kama mlevi, paka wa jirani anamshika, paka anakufa, na jirani hanisalimii mpaka wa leo. Kuku wangu nao si malaika, akikuta panya amelala hapo atadonoa.

Halafu usiku mmoja nikapoteza vifaranga vinne. Asubuhi nilipata mguu mmoja tu, umekwama kwa waya. Hiyo waya ya matundu ya pembe sita sote tunanunua juu inaitwa waya ya kuku, na kweli kuku hatoki, ila panya mdogo anapita kwa tundu la inchi moja vizuri sana, na yule mkubwa akiamua anaitafuna.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watu watanipinga: kama una kuku kumi nyuma ya nyumba, pesa ya sumu nunua waya ngumu ya kuchomelewa, ya matundu ya nusu inchi, na usiishie kuzungusha banda tu, ilaze pia chini ya udongo kama futi moja kwenda nje, kwa sababu panya huanza kuchimba pale ukuta umekutana na ardhi. Sakafu ya simiti ni poa zaidi, lakini wengine tumepanga na mwenye ploti hataki kusikia.

Na hata hiyo waya ni kazi bure kama chakula kinalala nje. Kuku haoni gizani, akishapanda kulala hali kitu mpaka kupambazuke, sasa ile mashi unaacha hapo usiku umemwachia nani? Mimi saa kumi na mbili unusu natoa vyombo vyote, nafagia iliyomwagika, mayai nimeshaokota. Gunia langu la kilo 70 nilikuta limetobolewa chini, kitundu kama shilingi kumi hivi, mashi inatiririka polepole kama mchanga na kando yake vinyesi. Siku hizi nanunua kilo 20 naweka kwa sanduku la bati la bodingi la binti yangu, lile la Kamukunji, na kufuli yake.

Panya hazijaisha, ziko kwa mtaro nazisikia, lakini kwa banda hakuna cha kuzileta. Shida iliyobaki ni binti, anaenda chuo mwezi ujao na anaulizia sanduku lake. Nimemwambia siku hizi watu wanabeba begi.