Ochiai na uamuzi wa awamu ya tisa

Usiku wa Novemba 1, 2007, katika Nagoya Dome, Daisuke Yamai alikuwa amebakiza wapigaji watatu tu. Timu yake, Chunichi Dragons, ilikuwa mbele 1–0 dhidi ya Nippon-Ham Fighters katika mchezo wa tano wa fainali ya besiboli ya Japani, na kwa awamu nane nzima kati ya tisa za mchezo hakuna mpinzani hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza. Mrushaji anayewatoa wapigaji wote 27 namna hiyo huhesabiwa kuwa ametimiza mchezo kamili, na katika fainali za Japani hakuna aliyekuwa amewahi kuufikia. Kocha Hiromitsu Ochiai akamtoa. Akaingia Hitoki Iwase, fundi wa kufunga mechi, yaani mrushaji anayeletwa mwishoni kulinda ushindi, akawamaliza watatu waliosalia. Dragons wakawa mabingwa wa Japani kwa mara ya kwanza tangu 1954, lakini gumzo likawa Yamai.

Nawaelewa waliokasirika. Katika fainali za Marekani, Don Larsen aliutimiza mchezo kamili mwaka 1956 na mpaka leo hajapata mwenzake. Mtu anayekata tiketi anatamani kuja kusimulia siku moja kwamba alikuwepo. Tena Dragons walikuwa wanaongoza kwa michezo mitatu dhidi ya mmoja. Hata wangeteleza usiku ule, walikuwa na nafasi nyingine mbili. Hoja hiyo ni nzito kuliko watetezi wa Ochiai wanavyokubali.

Ila michezo hiyo miwili ingechezwa Sapporo, nyumbani kwa Fighters. Bao moja si akiba ya kujivunia, mpigo mmoja unalifuta. Na baadaye ilielezwa kwamba Yamai alikuwa na lengelenge lililopasuka kidoleni. Kwangu mimi hapo ndipo mizani inapoinama. Iwase, aliyestaafu na rekodi ya Japani ya kufunga mechi 407, hakuwa mrushaji wa kubahatisha. Yeye naye alibebeshwa mzigo wa kutisha, na ni mara chache anasifiwa kwa hilo.

Uamuzi ule unaeleweka vizuri zaidi ukimjua Ochiai mchezaji. Aliacha chuo kikuu, akacheza katika timu ya kiwanda cha Toshiba, akaingia timu ya kulipwa ya Lotte Orions akiwa na miaka 25, umri ambao wengine tayari ni nyota. Akaongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa homurani, yaani mipigo inayotoa mpira nje ya uwanja, na kwa mabao yaliyopatikana kutokana na mipigo yake, yote matatu ndani ya msimu mmoja, tena mara tatu: 1982, 1985 na 1986. Hakuna Mjapani mwingine aliyefanya hivyo mara tatu. Alipohamia Dragons akawa mchezaji wa kwanza wa Japani kulipwa zaidi ya yeni milioni 100 kwa mwaka, katika nchi ambako kudai thamani yako hadharani kulionekana utovu wa adabu. Aliamini kazi hupimwa kwa ilichozaa. Alipokuwa kocha aliwapima wenzake kwa kipimo kilekile, na alichoajiriwa kukizaa ni ushindi.

Nao aliuzaa. Kuanzia 2004 hadi 2011 Dragons walitwaa ligi yao mara nne na hawakushuka chini ya nafasi ya tatu hata msimu mmoja. Ninapomlaumu ni kwenye kimya chake. Aliwanyima waandishi maneno, na kwa kuwanyima wao aliwanyima mashabiki. Watu wa Nagoya waliletewa makombe bila kusimuliwa yalivyopatikana, na viti vikazidi kuwa vitupu huku mishahara ya washindi ikipanda. Septemba 2011, timu ikiwa bado inawinda ubingwa, ilitangazwa kwamba hataendelea. Wachezaji wake wakaipiku timu ya Yakult na kutwaa ligi. Kwa kundi lililodaiwa kuongozwa na mtu asiye na moyo, walimpigania kwelikweli.

Kuanzia 2013 timu ilikaa nusu ya chini ya ligi kwa misimu saba mfululizo. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 2013, Yamai alirusha awamu zote tisa dhidi ya timu ya DeNA bila kupigwa hata mpigo mmoja wa kumfikisha mpinzani kituoni. Ochiai hakuwa tena kocha wake, na safari hii hakuna aliyemtoa.