Mtu asiye na anwani utamfuatiliaje?

Kila mtoto anaponajisiwa, wito hurudi ule ule: wahalifu sugu waandikishwe, majina na nyumba zao ziwekwe hadharani. Mzazi anayesema hivyo simlaumu hata kidogo. Sheria ya Megan ya Marekani, ya mwaka 1996, inayotaka umma ujulishwe wahalifu hao walipo, ilizaliwa na uchungu huo. Megan, msichana wa miaka 7, aliuawa New Jersey mwaka 1994 na jirani aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa kuwadhulumu watoto kingono, na wazazi hawakuwa na habari.

Lakini kazi ya rejista ya wahalifu hao ni kujua mtu alipo, na ndiyo maana mambo ya Miami, jiji la Florida, Marekani, hayanitoki akilini. Mwaka 2005 kaunti ya Miami-Dade iliwakataza waliohukumiwa kwa kudhulumu watoto kuishi ndani ya futi 2,500 za shule, karibu mita 760. Ukichora miduara hiyo kwenye ramani ya jiji lililojaa shule, hakibaki kitu. Watu wakahamia chini ya daraja la Julia Tuttle, wakafika zaidi ya mia, wakilala kwenye mahema na vibanda huku magari yakinguruma juu yao. Maafisa wa probesheni walikuja usiku kuhakikisha wamo. Vifaa vya kufuatilia walivyofungwa miguuni vilichajiwa kwa jenereta. Petroli ikiisha na betri ikizima, rejista imebaki na jina tu. Kambi ilivunjwa 2010, na miaka michache baadaye nyingine ikachipuka karibu na mji wa Hialeah, katika kaunti hiyo hiyo.

Watetezi wa marufuku husema makazi ya mkosaji hayawezi kutangulia usalama wa mtoto. Kweli kabisa. Ila futi hizo hupima anapolala, si anakoshinda. Tena takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani za mwaka 2000 zilionyesha kuwa, katika kesi zilizofika polisi, watoto wapatao 93 kati ya 100 walidhulumiwa na ndugu au mtu wanayemfahamu.

Kenya, kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinaagiza rejista ya waliohukumiwa itunzwe na Msajili wa Mahakama Kuu, na mahakama inaweza kumweka mkosaji hatari chini ya uangalizi akishatoka jela. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Shule inayoajiri dereva wa basi ikiuliza, ipewe jibu siku hiyo hiyo. Wanaotaka watu hawa wafukuzwe mitaani, waniambie kwanza afisa wa probesheni atagonga mlango upi.