Ollie Matson hakuwa bei ya wachezaji tisa

Mwaka 1959 timu ya Los Angeles Rams ilitoa tisa kwa mmoja ili impate Ollie Matson kutoka Chicago Cardinals. Kila anayemtaja mtu huyu huanza na hesabu hiyo, na mimi inanikera. Ni kama kumweleza mtu kwa risiti.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani, Matson alikuwa mbeba mpira: unapewa mpira mkononi, unapenya katikati ya majitu yaliyotumwa kukuangusha. Kazi hiyo inataka kifua na miguu kwa pamoja. Matson alikuwa na vyote, ila miguu yake ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Kiangazi cha 1952, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Olimpiki ya Helsinki kukimbia mita 400. Tayari Cardinals walikuwa wamemchagua awachezee, na kambi yao ya mazoezi ikabidi imsubiri. Fainali ilikuwa ya Wajamaika: George Rhoden wa kwanza, Herb McKenley wa pili, wote kwa sekunde 45.9. Matson akashika nafasi ya tatu kwa 46.8 na kupata medali ya shaba. Kisha zikaja mbio za kupokezana vijiti. Yeye ndiye aliyeianzishia Marekani, na wakamaliza kwa dakika 3:04.0. Jamaika walitumia 3:03.9, rekodi ya dunia. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Aliyemaliza upande wa Marekani ni Mal Whitfield, yule yule aliyekuja baadaye kuishi Kenya na Uganda akifundisha wanariadha wetu.

Miezi michache baadaye Matson alikuwa uwanjani na Cardinals, na msimu huo huo akagawana na Hugh McElhenny tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Medali mbili za Olimpiki na tuzo hiyo, mwaka mmoja. Wapenzi wa Bo Jackson, yule aliyecheza futiboli na besiboli ya kulipwa, wanisamehe, lakini sioni mwaka wa kulinganisha na huu.

Hakurudi tena Olimpiki. Riadha ya enzi hizo ilikuwa ya ridhaa tupu. Ukishalipwa kucheza mpira, mlango wa mbio unafungwa. Kijana mweusi aliyezaliwa Trinity, Texas, mwaka 1930, angechagua nini? Lawama zangu haziendi kwake. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wenye uwezo wa kukimbia bure.

Na bei ya rangi yake alikuwa ameshaijua. Mwaka 1951 timu ya chuo chake, Chuo Kikuu cha San Francisco, ilishinda mechi zote tisa. Yeye peke yake alikimbia yadi 1,566, hakuna aliyemzidi nchi nzima. Mialiko ya mechi kubwa za mwisho wa msimu haikuja. Wachezaji wa timu hiyo wamesimulia kwamba waliambiwa wangealikwa kama wangewaacha nyumbani weusi wawili, Matson na Burl Toler. Wakakataa, wote. Chuo hakikuwa na fedha, na baada ya msimu huo timu ikavunjwa. Toler alikuja kuwa mwamuzi wa kwanza mweusi katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Hiyo timu, kwangu, inazidi mabingwa wengi wenye makombe.

Makombe Matson hakuyapata. Cardinals walikuwa watu wa kufungwa, na hao Rams waliotoa tisa hawakufika popote. Kuna wanaomshusha kwa hilo. Basi na George Weah tumshushe, maana hakuwahi kucheza Kombe la Dunia? Matson alicheza hadi 1966, na mwaka 1972 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo, watu wakijua fika timu zake zilikuwaje.

Miaka yake ya mwisho kumbukumbu zilimtoka. Alifariki Februari 2011 mjini Los Angeles, na uchunguzi wa ubongo wake ukaonyesha ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Mchezo uliomlipa ndio uliomgonga. Mbio, ambazo hazikumlipa hata senti, zilimwacha salama, na nina hakika angekimbia Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 kama angeruhusiwa.