Kanuni Kumi na Nne, na Tano Ni Zangu

Katika maktaba yetu hapa Tanga, kwenye ukuta ulio juu ya kompyuta za umma, kumebandikwa karatasi yenye kichwa kisemacho "Kanuni za Matumizi ya Kompyuta na Intaneti", na chini yake zimepangwa kanuni kumi na nne. Watu huitazama kama wanavyotazama bei ya nyama buchani, wakasikitika kidogo, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mimi siwezi kuipita hivyo, kwa sababu kanuni tano kati ya hizo zimeandikwa au kuongezwa maneno kwa ajili yangu, na mpaka leo hakuna aliyenishukuru.

Kwanza mnielewe. Nilikuwa karani wa ghala la mkonge kwa miaka 27, na miaka yote hiyo nilipiga chapa kwenye mashine ya chuma ambayo usipoigonga kwa moyo wote herufi haitoki. Nilipoketi mara ya kwanza mbele ya kompyuta ya maktaba niliigonga kama nilivyofundishwa, na kila nilipofika mwisho wa mstari mkono wangu wa kushoto uliinuka wenyewe kutafuta ile nondo ya kurudishia mstari, ukampiga kikumbo mwanafunzi aliyekaa upande huo. Hilo halikutungiwa kanuni. Lilitungiwa kikaratasi kilichobandikwa kwenye kompyuta hiyo moja tu: "Tafadhali gonga taratibu."

Kanuni ya kwanza inamtaka kila mtu aandike daftarini jina lake, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa kuwa kila mmoja anapewa dakika 45 ili na wenzake wapate nafasi. Jambo jema. Niliingia asubuhi, nikaandika saa 3:00, kama ambavyo angeandika mtu yeyote aliyezaliwa pwani hii, ambako jua likichomoza huwa ni saa kumi na mbili na hesabu ya mchana inaanzia hapo. Kijana wa zamu ya mchana, ambaye saa anaijua kwa simu tu, akalifungua daftari akaona kuna mzee ameweka nafasi ya saa 3:00, akadhani ni saa tisa alasiri, akamzuia mama wa watu na mwanawe wa kidato cha nne wasiiguse kompyuta hadi nitokee, ilhali mimi nilikuwa nimejilaza zangu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Kesho yake kanuni ikaongezwa maneno: "Andika saa kama inavyoonekana kwenye kompyuta." Yaani Mswahili, katika mji wa Waswahili, aitafsiri saa yake kabla ya kuingia kusoma!

Kanuni ya tatu zamani ilikataza chakula na vinywaji. Sasa inakataza "chakula, vinywaji na matunda ya aina yoyote", na hayo matunda ni mimi. Siku hiyo nilikuwa na chungwa la Muheza, na anayeyajua machungwa ya Muheza hatanilaumu. Nilikuwa nimelimenya nje, nikalikata kichwa, nikawa nalifyonza polepole huku nikisubiri ukurasa ufunguke, na ukurasa ule ulichukua muda wa kumaliza machungwa mawili. Kokwa moja iliniponyoka, ikadumbukia kati ya vitufe vya kibodi, na maji kidogo yakaifuata. Nilifuta kwa leso na nikanyamaza. Asubuhi ya pili herufi A ikagoma kabisa. Sasa jaribu, wewe msomaji, kuandika Kiswahili bila A: hata jina la mji wetu linabaki T, N na G. Kijana mmoja alikuwa akiandika barua ya kuomba ajira, akainua macho kwenye kioo akakuta amemwandikia mwajiri "Nomb kzi", na nasikia alitaka kuituma hivyohivyo kwa kuwa dakika zake zilikuwa zinakwisha.

Kanuni ya sita hadi ya tisa sina ugomvi nazo. Zinakataza picha chafu, kuingia kwenye mifumo ya watu bila ruhusa, kusambaza habari za uongo na kubadilisha mipangilio ya kompyuta, na mwisho wake imetajwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ili mtu asije akadai kwamba hakuambiwa. Mimi hata kabati la mke wangu siingii bila ruhusa, sembuse mfumo wa kompyuta wa mtu nisiyemjua.

Nina ugomvi na ya kumi: "Mtu mmoja, kiti kimoja, kompyuta moja." Wazee tulikuwa wanne, viti tulikuwa navyo viwili, na shauri letu lilikuwa la heshima: tulitaka kuona kama kuna video yoyote ya Coastal Union ya mwaka 1988, mwaka tuliochukua ubingwa wa nchi. Video hatukuipata. Tulipata nyingine nyingi ambazo hatukuzitafuta, tukazifungua zote ili kuhakikisha. Wakati tunabishana nani alicheza beki ya kulia, chumba kizima kikaanza kulalamika kwamba intaneti imekufa. Binti wa mapokezi alikuja akatueleza, kwa sauti ya chini yenye adabu iliyoniumiza kuliko ukali, kwamba laini ya maktaba ni moja na inagawanywa kwa kompyuta zote, mfano wa bomba la mtaa, na kwamba mtu anayetazama video au kupakua mafaili makubwa ni sawa na aliyekuja bombani na ndoo ishirini. "Babu, samahani, kuna watu hapa wanatuma maombi ya chuo na leo ndiyo siku ya mwisho." Tulifunga. Lakini beki ya kulia hatujaafikiana mpaka leo.

Kuhusu kanuni ya kumi na moja, ya kuchapisha karatasi, nitasema kwa kifupi kwa sababu jeraha halijapona. Nilibonyeza mara moja, printa ikakaa kimya. Nikabonyeza tena, nikabonyeza tena, kama mtu anayebisha hodi kwa kiziwi, jumla mara sita. Faili lilikuwa na kurasa saba. Printa ilipoamka ilitoa kurasa 42, kila moja shilingi 200, na hesabu yake, 8,400, ilikuwa kubwa kuliko chote kilichokuwa mfukoni. Sasa ukutani imeandikwa: "Bonyeza mara moja na usubiri."

Lakini yote hayo ni mepesi mbele ya kanuni ya kumi na mbili.

Mfuko wa pensheni uliniandikia barua pepe kunijulisha kwamba malimbikizo yangu yamepitishwa, na kiasi chenyewe, chenye tarakimu saba, kilikuwa kimewekwa katikati ya barua kwa wino mzito. Niliisoma mara nne pale maktaba. Wakati naingiza neno langu la siri, kompyuta ilikuwa imeniuliza kama ningependa ilikumbuke. Mimi ni mtu wa pwani, nikiulizwa kwa adabu hujibu kwa adabu, nikabonyeza "Ndiyo" na moyoni nikaisifu kwa malezi yake. Nilipomaliza niligusa ile alama ya msalaba pembeni, dirisha likafungika, nikaondoka kwenye baiskeli yangu kama bwana harusi.

Kumbe kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Nimeelezwa baadaye kwamba kivinjari huacha vijifaili viitwavyo vidakuzi, ambavyo huendelea kukutambua hata ukishaondoka, na kwamba usipobonyeza pale palipoandikwa "Toka" ni sawa na kurudishia mlango huku funguo ukiziacha zinaning'inia kwa nje. Aliyekaa baada yangu alikuwa jirani yangu wa mtaa uleule. Alipofungua ukurasa wa barua pepe hakuiona barua yake, aliiona yangu. Ananiapia kwamba aliisoma kwa bahati mbaya. Mara mbili.

Nilifika nyumbani adhuhuri na mke wangu alikuwa anazijua tarakimu zote saba, kwa mpangilio. Kufika alasiri muuza duka alikuwa amenitolea daftari la madeni bila kuombwa, na fundi wa bati, ambaye nilimkimbia tangu masika yaliyopita, alikuwa amekaa barazani kwangu anakunywa kahawa yangu.

Nilirudi maktaba kesho yake kwa hasira. Nilikuwa nimesikia redioni habari za Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nikaitaja mwaka na jina lake kamili. Binti wa mapokezi aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Babu, kompyuta ilipokuuliza kama ilikumbuke neno la siri, ulijibuje?" Sikujibu. Alinikalisha, akanibadilishia neno la siri, akafuta kumbukumbu yote ya kivinjari, na jioni hiyo kanuni ya kumi na mbili ikaandikwa upya kwa herufi kubwa nyekundu: "USIKUBALI KOMPYUTA YA UMMA IKUMBUKE NENO LAKO LA SIRI. BONYEZA TOKA KABLA YA KUONDOKA."

Habari ilikuwa imeshafika Pangani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishuka kwenye basi la kwanza akiwa na nazi tatu na begi kubwa kuliko safari aliyoitaja. Watu husema Tanga ni waja leo warudi leo. Huyu alikuja Jumanne ya juma moja, na hii ni Jumanne ya tatu, nazi zimekwisha siku nyingi, na jana usiku, huku akijipakulia wali, ameniuliza: "Shemeji, maktaba unakwenda lini tena? Maana mimi nimepata wazo la biashara, nami sitaki tuamue kabla hatujaona salio."