Mwacheni Koa wa Wasini Majini

Wiki hii nimetumiwa video iliyochukuliwa juu ya jahazi huko Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya. Mgeni kamlaza kiganjani koa wa baharini, mweusi mwenye mistari ya manjano, jua la mchana linampiga, na wenzake wanapokezana kumpiga picha. Aliyezamia kumleta ni kijana wetu wa kutembeza wageni. Nimeumia, na nasema wazi: desturi hii ikome.

Koa huyu hana kombe. Alikuwa nalo akiwa kiluwiluwi, akaliacha. Matamvua yake ya kupumulia yamechanua nje, mgongoni kwa nyuma, kama ua. Mbele ana pembe mbili za kunusia, maana macho yake hutambua mwanga na giza tu. Ukimgusa, vyote huvivuta ndani. Basi mnachokipiga picha ni kinofu kilichojikunyata, kinachokosa pumzi mbele yenu! Anayetaka kumwona kweli avae miwani ya kuzamia, atulie juu yake, asubiri. Atamwona anatambaa juu ya sifongo, mnyama wa baharini aliyeshika mwambani, akiila taratibu, ua la mgongoni likicheza na mkondo. Wala msimtupe popote mkidhani mmemrudisha kwao. Jamaa hawa huchagua sifongo, na pasipo ile yao hakuna chakula.

Najua kijana anatafuta riziki, na bakshishi huja mgeni akifurahi. Hilo sikatai. Lakini akina mama wa Wasini walijenga njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale na mikoko, na wageni wanalipa ili watazame tu.

Kitaalamu anaitwa Halgerda wasinensis. Aliyemwelezea kwanza kwa maandishi ni Mwingereza Charles Eliot mwaka 1904, mwaka uleule alioacha ukamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani utawala wa Kiingereza katika Kenya ya leo. Mtu aliyewafungulia walowezi ardhi ya watu huko bara ndiye aliyekuwa na subira ya kumchunguza koa wa pwani yetu. Inanichoma. Jina la Wasini limo katika vitabu vya wataalamu dunia nzima, na watoto wa huko niliowauliza hawajawahi kuambiwa.

Wenye vyombo, semeni na mabaharia wenu kabla ya kung'oa nanga Shimoni, ng'ambo ya Wasini: koa haokotwi, hata mgeni akiomba, hata akitoa pesa. Na mgeni aambiwe sababu, kwa heshima, akiwa bado hajaingia majini.